Akili Iliyochoka Haijafa



Nataka kuwaandikia habari za watu ambao mara nyingi tunawasahau. Ni wale waliopata uvimbe katika ubongo, wakapasuliwa au wakatibiwa kwa mionzi, wakarudi nyumbani wakiwa hai. Siku ya kurudi kwao watu hufurahi. Hupika, huimba, hupiga makofi. Lakini majuma machache yakipita furaha hupungua, maana jamaa wanaona ya kuwa mtu aliyerudi hafanani na yule aliyeondoka. Anasahau. Anachelewa kujibu. Anaanza kazi na kuiacha katikati. Anachoka upesi, na pengine anakasirika bila sababu. Ndipo maneno huanza kusemwa nyuma ya nyumba.

Shauri langu ni hili. Akili ya mtu huyo haijafa. Yaweza kusaidiwa kwa mafundisho, na mafundisho hayo yaweza kutolewa na mtu aliye mbali, kwa njia ya simu, iwapo nyumbani yuko mtu wa karibu wa kushirikiana naye. Basi haifai hospitali iseme, "Kazi yetu imekwisha, tumeshona jeraha." Wala haifai kanisa liseme, "Kazi yetu imekwisha, tumeomba." Imebaki kazi, nayo ni kubwa.

UBONGO HUFANYA KAZI GANI?

Ubongo hauna kazi moja tu. Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, hutusaidia kupanga, kuanza jambo, kulimaliza, na kujizuia tusiseme kila neno linalokuja kinywani. Sehemu za kando hutusaidia kushika maneno na kukumbuka mambo. Sehemu ya nyuma hutusaidia kuelewa yale tunayoyaona kwa macho.

Tena uvimbe si wa namna moja. Mmoja huitwa meninjioma. Huu hutoka katika ngozi zinazofunika ubongo, na mara nyingi si kansa. Mwingine huitwa glioma. Huu hutoka ndani ya ubongo wenyewe. Kuna glioma inayokua polepole kwa miaka, na kuna nyingine inayokua kwa haraka sana. Kila mmoja waweza kuharibu kazi ya akili kwa njia nyingi. Uvimbe hubana sehemu iliyo karibu nao. Ubongo huvimba kuuzunguka. Degedege na kifafa huuchosha. Upasuaji wenyewe, ambao mara nyingi ni wa lazima, waweza kugusa mahali pazuri. Mionzi yaweza kupunguza wepesi wa akili, pengine baada ya miaka. Hata dawa za kifafa, kama fenobabitali, zaweza kumfanya mtu awe mzito na mwenye usingizi.

Fikirini mama anayepika sombe. Lazima achume majani, ayatwange, aweke maji motoni, aongeze mawese na samaki kwa saa yake, aangalie makala yasizimike, na huku asikilize mtoto anayelia. Mama aliyeumia sehemu ya mbele ya ubongo, ukimwuliza kazi moja moja, anaijua. Anajua kutwanga. Anajua kuwasha moto. Lakini kamba inayofunga kazi hizo pamoja imelegea. Ataweka chungu motoni, ataona jirani anapita, atatoka kumsalimu, na chungu kitaungua. Wakwe watasema amekuwa mpumbavu. Sivyo. Hakupoteza ujuzi wa kupika. Amepoteza mpangilio wa kupika, na mpangilio mtu aweza kuupata tena kwa njia nyingine.

MANENO MATATU YANAYOUMIZA

Neno la kwanza ni hili: "Amekuwa mvivu." Mtu aliyeumia sehemu ya mbele ya ubongo aweza kukaa kimya tangu asubuhi hata jioni. Haanzi kitu mpaka aambiwe. Huo si uvivu. Mvivu anajua pa kuanzia lakini hataki. Huyu anataka, lakini chombo cha kuanzia kimeumia. Kumpigia kelele ni sawa na kumpigia kelele mtu aliyevunjika mguu kwa sababu hakimbii.

Neno la pili: "Amerogwa," au, "Ana pepo." Kwa ajili ya neno hili wake wamerudishwa kwao, na wazee wamesingiziwa kuwa wachawi. Wengine wamefungiwa mahali pa maombi siku nyingi bila chakula na bila dawa zao. Ndugu zangu, kumwombea mgonjwa ni vema. Kumnyima dawa ya kifafa si maombi, ni kumhatarisha. Dawa ya kifafa ikikatwa ghafula, kifafa chaweza kurudi kwa nguvu, mshtuko juu ya mshtuko, na mtu akafa. Tena kifafa hakiambukizi. Mate ya mgonjwa hayakuletei kifafa. Mlaze ubavu, uondoe vitu vigumu karibu naye, wala usimtie kijiko mdomoni.

Neno la tatu ni baya kuliko yote, maana husemwa kwa upole: "Mwacheni, akili yake imekwisha kufa." Watu husema hivyo mbele yake, wakidhani hasikii. Anasikia. Naye akisikia mara nyingi, huamini. Neno hili la tatu ndilo ninalotaka kulipinga hasa.

KAZI ILIYOFANYWA UHOLANZI

Katika nchi ya Uholanzi, katika mji wa Tilburg, wako wataalamu wa akili na ubongo waliojiuliza swali hili: je, mtu mwenye glioma aweza kufundishwa baada ya matibabu? Wawili wao ni Karin Gehring na Margriet Sitskoorn. Mwaka wa 2009 wao na wenzao walitoa habari ya kazi yao. Walichukua wagonjwa 140 wa glioma ambao ugonjwa wao ulikuwa umetulia. Wote walilalamika juu ya akili zao, na wote walipopimwa walionekana kweli kuwa na upungufu. Waligawanywa kwa kura katika makundi mawili. Kundi moja lilifundishwa. Kundi la pili lilingoja.

Mafundisho yalikuwa ya majuma 6, kila juma mara moja, saa 2. Yalikuwa na sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ilikuwa mazoezi ya kukaza fikira kwa mashine ya kompyuta. Sehemu ya pili ilikuwa kujifunza njia za kuzunguka udhaifu: jinsi ya kuandika, jinsi ya kupanga siku, jinsi ya kukumbuka, jinsi ya kupumzika kabla ya kuchoka.

Matokeo yake yanafundisha uvumilivu. Mara tu mafundisho yalipokwisha, wagonjwa wenyewe walisema wanaona nafuu, lakini vipimo havikuonyesha tofauti. Baada ya miezi 6 walipimwa tena. Safari hii waliofundishwa walikuwa wamewapita wenzao katika kukaza fikira na katika kukumbuka maneno, na uchovu wa akili ulikuwa umepungua kwao. Mbegu haikuota siku ile ile ilipopandwa.

Lakini kulikuwa na shida. Mgonjwa aliyepasuliwa kichwa huchoka njiani. Wengi hawaruhusiwi kuendesha gari kwa sababu ya kifafa. Kwa hiyo watu wa Tilburg waliyaweka mafundisho yale katika kompyuta ndogo ya kushika mkononi, iitwayo tableti, wakaiita programu hiyo ReMind. Mgonjwa hukaa nyumbani kwake, hujifunza saa 3 kwa juma, kwa majuma 10, na mtaalamu huwasiliana naye akiwa mbali. Hiyo ndiyo maana ya kufundisha akili kwa mbali.

Sasa nitawaambia na upande mwingine, maana sipendi kuwauzia ninyi mbuzi ndani ya gunia. Mwaka wa 2021 walitoa habari ya wagonjwa 62 walioingizwa katika jaribio la programu hiyo mapema, tangu miezi 3 baada ya upasuaji, wengine wakiitumia na wengine wakingoja. Wengi wa walioitumia waliipenda. Lakini walipolinganishwa kundi kwa kundi na wale wasiofundishwa, haikuonekana tofauti ya hakika.

Je, tuseme basi kazi ile ni bure? Mimi sisemi hivyo. Watu 62 ni wachache. Tena katika miezi ya kwanza baada ya upasuaji wagonjwa wengi hupata nafuu kidogo kidogo hata wasipofundishwa, na hapo ni vigumu kutambua nafuu imetoka wapi. Wale 140 wa kwanza walikuwa watu waliochaguliwa kwa sababu shida yao ilikuwa imekwisha kuonekana. Mimi najifunza hivi: tusimpe kila mtu fundisho lile lile kwa siku ile ile. Tumtafute yule mwenye shida, tumwulize shida yake ni ipi katika maisha ya kila siku, na hiyo ndiyo tuifundishe.

BABA ALIYEMTAFUTIA MWANAWE NJIA

Iko habari nyingine ambayo naipenda, ingawa haikuanza kwa wagonjwa wa uvimbe. Huko California, Marekani, alikuwako mhandisi mmoja, Larry Treadgold. Mwanawe aliumia kichwa, akawa anasahau mambo ya siku. Baba huyo, pamoja na mtaalamu wa akili Neil Hersh, akatengeneza njia iliyoitwa NeuroPage. Mgonjwa alivaa kiunoni chombo kidogo cha kupokea habari. Saa ilipofika, chombo kililia, na maneno machache yalionekana: meza dawa, leo ni siku ya daktari, chukua ufunguo. Maneno hayo yalitumwa kutoka mbali.

Barbara Wilson na wenzake huko Cambridge, Uingereza, wakaijaribu kwa watu 143 waliokuwa na shida ya kukumbuka na kupanga. Wengi wao walikuwa wameumia kichwa au wamepatwa na kiharusi. Habari yao ilitoka mwaka wa 2001. Katika wale waliomaliza jaribio, zaidi ya 80 kwa kila 100 walitimiza kazi zao za kila siku vizuri zaidi walipokuwa na chombo kile.

Angalieni jambo hili vizuri. Chombo hakikuponya ubongo. Kilimkumbusha mtu kwa saa yake, naye akasimama akafanya kazi yake kwa mikono yake mwenyewe. Na leo chombo cha namna hiyo kimo katika mifuko yetu. Simu ndogo ya vibonye, ile isiyo na picha, ina saa ya kuamsha. Yaweza kupokea ujumbe mfupi. Kitu ambacho baba yule alilazimika kukibuni, sisi tunakinunua sokoni.

NA KWETU KONGO?

Kwetu madaktari wa kupasua ubongo ni wachache sana, na nchi ni pana. Mgonjwa wa kijijini akipata nafasi, hupelekwa mji mkubwa. Wenye uwezo huvuka mpaka mpaka Kampala au Nairobi, au hupanda ndege kwenda India. Kisha hurudi, na daktari wake hubaki huko. Nauli ya kurudi kumwona imekwisha. Barabara imeharibika, au haina usalama. Kwa hiyo jambo la kusaidiwa kwa mbali, ambalo kwa Wazungu ni njia ya kupunguza safari, kwetu mara nyingi ndilo njia pekee.

Najua watu watanipinga. Mmoja atasema, "Sisi hatuna tableti." Ni kweli, na mimi sishauri tuingoje. Katika mafundisho yale ya Uholanzi michezo ya mashine ilikuwa sehemu moja tu. Sehemu nyingine ilikuwa njia za maisha, nazo zaweza kufundishwa kwa sauti ya mtu, kwa kaye moja na biki moja.

Mwingine atasema, "Umeme hakuna, na pesa ya simu ni ghali." Ni kweli pia. Lakini mazungumzo ya nusu saa mara moja kwa juma ni gharama ndogo kuliko nauli ya pikipiki, na hospitali ndiyo ipige simu, si mgonjwa.

Wa tatu atasema, "Mgonjwa hajui kusoma." Basi kaye ichorwe picha: jua linalochomoza na kidonge kimoja, mwezi na kidonge kimoja. Mtoto wa shule aweza kuzichora.

Wa nne ndiye mwenye neno zito: "Aliye mbali hawezi kuona." Huyu namkubali. Katika simu, sauti ya ndiyo haionyeshi kama mtu ameelewa. Haonekani akisitasita, wala mkono wake haonekani ukitetemeka. Kwa hiyo nasema tena: mafundisho ya mbali bila mtu wa karibu hayatoshi. Mgonjwa achaguliwe msaidizi mmoja nyumbani, mke au mume, dada, au kijana mwenye subira, naye afundishwe pamoja na mgonjwa tangu hospitalini, kabla ya kurudi. Wajaribu simu pamoja naye wangali wodini. Kazi ya simu ianzie uso kwa uso.

NAMNA YA KUFUNDISHA

Haya ndiyo mambo ambayo mwuguzi aliye mbali na msaidizi aliye karibu waweza kuyafanya.

1. Chagueni jambo moja. Msianze na "akili." Anzeni na kumeza dawa, au kupika bila kuunguza, au kwenda sokoni na kurudi na vitu vinne. Mgonjwa mwenyewe alitaje jambo analolitaka. Fundisho alilolichagua atalishika.

2. Kitabu kimoja tu. Mambo yote ya siku yaandikwe au yachorwe katika kaye moja inayokaa mahali pamoja. Karatasi nyingi zikitawanyika ni kusahau kwa mara ya pili. Asubuhi aifungue, jioni aweke alama mbele ya kila jambo alilolifanya.

3. Simama kwanza. Wataalamu Ian Robertson na Brian Levine wameeneza njia ya kuwafundisha watu waliopoteza mpangilio. Kwa maneno yetu ni hivi: Simama. Sema kwa sauti, "Nataka kufanya nini?" Igawe kazi vipande vidogo. Fanya kipande kimoja. Simama tena, uangalie: bado niko katika kazi yangu, au nimepotea njia? Mama yule wa sombe aweza kufundishwa kusema, "Simama, chungu," kila anapotaka kutoka jikoni.

4. Msimpime kama mtoto wa shule. Wageni wakija hupenda kuuliza, "Unanijua? Mimi ni nani? Hebu kumbuka!" Wanadhani wanamsaidia. Mwaka wa 1994 Alan Baddeley na Barbara Wilson walionyesha kwamba watu waliopoteza kumbukumbu hujifunza vizuri zaidi wanapozuiwa wasikisie na kukosea. Kosa hukaa kichwani pamoja na jibu, na mtu hashiki lipi ni lipi. Kwa hiyo mwambie kwanza: "Mimi ni shemeji yako, mume wa dada yako." Kisha mwache alirudie. Hivyo unampa jibu bila kumwaibisha.

5. Kazi ngumu zifanywe asubuhi. Uchovu wa akili ni ugonjwa wa kweli. Apumzike kabla hajachoka. Redio izimwe, watoto watolewe nje, asemeshwe na mtu mmoja kwa wakati mmoja.

6. Simu iwe siku ile ile na saa ile ile kila juma. Mwuguzi aongee na mgonjwa kwanza, kisha msaidizi. Msizungumze juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo. Wala simu isiwekwe sauti kubwa uani, majirani wakasikia habari za ugonjwa. Siri ya mgonjwa ni mali yake.

7. Msimnyang'anye kazi zote. Hili ni kosa la watu wenye upendo. Wanamvalisha, wanamlisha, wanajibu maswali yake yote. Mkono wa karibu ni wa kushikilia, si wa kunyang'anya. Akikwama, msubiri kidogo. Akikwama bado, mwonyeshe hatua inayofuata tu.

MAMBO AMBAYO SIMU HAIWEZI

Mafundisho haya hayapunguzi uvimbe hata kidogo. Mtu akikuambia ana mchezo ndani ya simu unaoponya ubongo, na anataka pesa, mkimbie. Wako pia wenye uvimbe unaokua kwa haraka, ambao hawatapata nafuu kwa mazoezi. Hao tusiwachoshe kwa masomo. Tuwape utulivu, dawa ya maumivu, na watu wa kukaa nao.

Tena ziko dalili ambazo ukiziona, usingoje siku ya simu. Maumivu mapya ya kichwa, hasa asubuhi, pamoja na kutapika. Kifafa kipya, au kifafa kinachozidi. Usingizi usio wa kawaida. Mkono au mguu unaolegea. Macho yanayoanza kuona vitu viwili viwili. Akili inayoshuka kwa siku chache badala ya kupanda. Huenda uvimbe umerudi au ubongo umevimba. Mpelekeni hospitali mara moja. Na kama alipewa deksamethazoni ya kupunguza uvimbe wa ubongo, asiiache ghafula pasipo neno la daktari. Nayo ina hatari yake ikikatwa mara moja.

Mwenye kifafa asipande mti, asiendeshe pikipiki, asiende mtoni wala ziwani peke yake, na msimwache peke yake karibu na moto. Haya si mafundisho ya akili, lakini aliyekufa maji hafundishwi.

NENO KWA KILA MMOJA

Kwa jamaa nasema: msifanye shauri la kumrudisha mke kwao, wala la kumnyang'anya baba kiti chake, katika miezi ya kwanza. Wale wagonjwa 140 walionyesha tofauti baada ya miezi 6. Ninyi mnataka kuhukumu baada ya majuma 6?

Kwa kanisa nasema: mtu aliyekuwa mtunza hazina, akarudi na udhaifu wa kuhesabu, asifukuzwe kwa aibu. Wala asiachiwe sanduku peke yake, akadanganywa na watu wabaya, kisha akaitwa mwizi. Wahesabu wawili, yeye na mwenzake, kwa kitabu. Aliyekuwa mwimbaji aimbe, maana wako watu wanaoshindwa kusema sentensi nzima lakini wimbo wa zamani wanauimba mpaka mwisho. Na ninyi mnaotembelea wagonjwa, badala ya kwenda watu kumi siku moja mkapiga kelele na kumchosha, nendeni mmoja mmoja, mara nyingi.

Kwa sisi wauguzi nasema: tunaandika katika karatasi ya kutoka hospitali, "Jeraha limepona." Tuongeze mistari mitatu: akili yake ina udhaifu gani, msaidizi wake ni nani, nani atampigia simu, na siku gani. Mistari mitatu haigharimu kitu. Bila mistari hiyo tunamwokoa mtu mezani pa upasuaji, kisha tunamwacha apotee nyumbani kwake.

Na kwa wewe mgonjwa unayesoma, au unayesomewa na mtoto wako: kuandika mambo katika kaye si aibu. Hata wakubwa wa serikali wana watu wa kuwaandikia na kuwakumbusha kila saa. Wewe nawe unacho kitabu chako. Kifungue kesho asubuhi, na uanze na jambo moja.

MASWALI YA KUULIZANA NYUMBANI

1. Kwa nini tusimwite mgonjwa wa ubongo mvivu?
2. Nani katika nyumba yetu ana subira ya kuwa msaidizi?
3. Kuna hatari gani kukata dawa ya kifafa ghafula?
4. Mgonjwa wetu mwenyewe anataka kufanya jambo gani tena? Je, tumemwuliza?
5. Dalili gani zinatuambia tusingoje simu, bali twende hospitali mara moja?